Diwani wa kata, diwani ya mashairi, na yule diwani wa Mtang'ata

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora, Tanga. Kwetu tumelelewa tukiambiwa kuwa babu yake babu alikuwa diwani wa Mtang'ata, kule Tongoni, zama za Sayyid Barghash. Mwanangu wa kidato cha tatu anasoma diwani ya mashairi shuleni, na ukutani kwa jirani bango la mgombea udiwani halijabanduliwa mpaka leo. Juzi mtoto akaniuliza kama yote hayo ni neno moja, nikakosa la kumjibu. Je, ni moja? Na huyo babu alipigiwa kura na nani? Nauliza pia kwa sababu ami zangu wanataka kumwandika 'Mheshimiwa Diwani' kwenye kadi ya khitma ya ukoo."

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka, maana kadi za watu zinasubiri kwa mpiga chapa: neno ni moja, babu hakupigiwa kura na mtu, na hilo "Mheshimiwa" waambie ami zako waliondoe. Sababu zake ndizo ndefu.

Ukimwuliza mtu yeyote pale Ngamiani maana ya diwani, atakwambia ni mwakilishi wa wananchi wa kata. Kwa leo ni kweli. Lakini ndani ya neno lenyewe hamna mwakilishi, hamna mwananchi, wala kura. Mna karatasi. Neno limetoka Uajemi, likaingia katika Kiarabu, likatufikia pwani, na huko lilikotoka lina undugu na maneno ya kuandika. Karani wa mfalme wa Uajemi aliitwa dabiri. Ipo hadithi nyingine ya asili yake, na Ibn Khaldun ameitaja: Kisra, mfalme wa Uajemi, aliwapitia makarani wake siku moja akawakuta wamejiinamia, kila mmoja ananong'ona peke yake akipiga hesabu. Akasema, "Divane!", yaani hawa ni wendawazimu. Jina likawaganda, wao na nyumba yao ya kazi. Hadithi tamu. Mimi siiamini, ila kila nikipita penye ofisi ya mhasibu mwishoni mwa mwezi wa Juni huikumbuka.

Waarabu walilikopa neno pamoja na kazi yake. Inasimuliwa kuwa Abu Huraira alirudi kutoka Bahareni na mali ya dirhamu laki tano. Khalifa Umar alipotajiwa hesabu hiyo hakuiamini, akamwuliza kama anakijua anachokisema. Akajibiwa: laki moja, mara tano. Sasa fedha za namna hiyo hazigawiwi kwa kukumbuka nyuso za watu. Ndipo likafunguliwa daftari la majina, kila jina na fungu lake, nalo likaitwa diwani. Umar alikataa jina lake lisiandikwe la kwanza. Akaamuru waanze jamaa wa Mtume.

Basi ushike hapo: diwani ni daftari. Kutoka hapo neno likahama kama wapangaji wa Ngamiani wanavyohama, chumba hadi chumba, mtaa uleule. Likawa daftari, likawa nyumba yanamowekwa madaftari, likawa watu waliomo ndani ya nyumba hiyo, mwisho likawa kikao chao. Makhalifa wa Baghdad walikuwa na diwani ya kodi, diwani ya jeshi, diwani ya barua. Sisi leo tungesema wizara na idara. Waliofanya biashara na Waarabu kule Bahari ya Kati walilijua zaidi kwa upande wa ushuru, ndiyo maana Wafaransa husema douane, Wataliano dogana, na Wahispania aduana, kote huko wakimaanisha forodha. Hapa kwetu tukalishika neno forodha, la diwani tukalitunzia kazi nyingine. Hata mwandiko wa mapindomapindo uliotumika katika nyaraka za masultani wa Uturuki unaitwa khati ya diwani.

Kuna moja linalonichekesha kila mara. Wakuu wa Uturuki walipokaa kwenye diwani ya sultani walikalia matakia marefu yaliyopangwa kando ya ukuta. Wazungu wakaliona kochi lile, wakalipa jina la kikao, na hadi leo kwao divan ni kochi lisilo na mgongo. Waswahili tumefanya kinyume chake. Sisi tulikuwa na baraza kwanza, lile la mawe mbele ya nyumba, la kukalia jioni na kikombe cha kahawa chungu na kashata. Halafu tukaliita baraza kila kundi la watu wanaokaa kuamua mambo, mpaka Baraza la Mawaziri. Kwao kikao kimezaa kiti, kwetu kiti kimezaa kikao. Unaposema "Baraza la Madiwani" umeyakutanisha yote mawili, nawe hukukusudia.

Tuje kwa babu.

Katika miji ya Mrima, kuanzia upande wa Vanga na Wasini, ukashuka Tanga, Mtang'ata, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, wakuu wa miji kabla ya Mjerumani waliitwa madiwani au majumbe. Watawala wa Vumba Kuu, hapo juu yetu mpakani, walijulikana zaidi kwa jina la diwani. Bagamoyo utasikia zaidi jumbe. Wengi wao walijinasibisha na Shirazi. (Shirazi hiyohiyo ndiyo mji wa Hafidh, mshairi ambaye diwani yake inasomwa Uajemi mpaka kesho. Nakuomba usijenge chochote juu ya hilo, ni mkutano wa majina tu.)

Mtu hakuwa diwani kwa kuzaliwa peke yake, ingawa nasaba ilitakiwa. Kwanza wenziwe wenye cheo wamkubali. Kisha atoe ada: mafungu ya watu maalumu, na juu yake karamu ya kuulisha mji. Ng'ombe wachinjwe, mchele upikwe, ngoma zipigwe, watu wale washibe na wapate la kusimulia. Baada ya hapo ndipo huvishwa kilemba na kupigiwa siwa, lile baragumu kuu la heshima. Alipokwisha kutawazwa hakuwa mfalme wa peke yake, kwani mji mmoja uliweza kuwa na madiwani zaidi ya mmoja, nao walishindana vikali kwa karamu na ngoma. Faida yake ilikuwa sehemu ya hongo (siyo rushwa ya leo, bali malipo ya kupita njia) na ushuru wa misafara na vyombo, pamoja na kauli katika kesi za watu. Sultani wa Unguja naye alikuwa na liwali wake, yaani gavana wa kumwakilisha, katika miji mikubwa, huku akiwatuliza madiwani kwa barua na zawadi, kwa sababu bila wao bara isingepitika.

Kwa hiyo ukiniuliza kama alipigiwa kura, nitakwambia hapana. Ukiniuliza kama alifanya kampeni, alifanya, tena ya gharama. Na hapo ndipo maana mbili za diwani zinapogongana uso kwa uso. Ile karamu iliyomfanya babu yako kuwa diwani halali, leo ingemvua udiwani. Sisi tuliijaribu kwa jina la takrima: sheria ya uchaguzi iliwahi kumruhusu mgombea kuwakirimu watu kwa nia njema, mpaka Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu hivyo mwaka 2006. Baadhi ya wazee wa pwani hawakuelewa kosa liko wapi. Kwao mtu asiyeweza kuulisha mji atauongozaje? Sisemi walikuwa na haki. Nasema walikuwa wakilisikia neno lilelile kwa sikio la zamani.

Madaraka ya madiwani wale yalivunjika haraka. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ilipotaka kupandisha bendera yake Pangani, watu waliinuka, na vita vikaenea pwani yote ya Mrima. Bwana Heri alishika Saadani, Abushiri akaongoza upande wa Pangani na Bagamoyo mpaka akakamatwa na kunyongwa Pangani Desemba 1889. Serikali ya Kijerumani ilipotulia iliyachukua majina yaliyokuwapo, liwali, akida na jumbe, ikayapanga ngazi kwa ngazi, liwali juu, akida katikati, jumbe chini, na kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898 jumbe akawa mtu wa kuhesabu vibanda vya jirani zake. Jina hilo halikupona. Nadhani neno diwani lilinusurika kwa sababu halikutiwa sana katika kazi ile; lilibaki kwenye nasaba, makaburini na midomoni mwa mabibi kama bibi yako. Jumbe tazama alipoishia: ukimwuliza mwanao leo jumbe ni nini, atakwambia ni wingi wa ujumbe, zile jumbe fupi za kwenye simu.

Sasa diwani ya shuleni. Waarabu wana msemo wa kale kwamba mashairi ni diwani ya Waarabu. Maana yake ni kwamba kabila lisilokuwa na daftari liliandika nasaba zake, vita vyake na aibu za adui zake ndani ya beti. Shairi lilikuwa kumbukumbu za ofisi kabla ya ofisi kuwapo. Kwa njia hiyo mkusanyiko wa tungo za mshairi mmoja ukaitwa diwani yake: ni daftari ambalo kila alichotunga kimeandikishwa humo. Kwetu jina hilo limekaa vizuri. Muyaka wa Mombasa alitunga kwa midomo na kwa karatasi za mkononi mwanzoni mwa karne ya 19, watu wakazihifadhi beti zake, na diwani yake ikachapwa mwaka 1940, karibu miaka mia moja baada ya kufa kwake. Yeye hakujua kama ana diwani. Mshairi hutunga, diwani huja baadaye, mara nyingi kwa mikono ya wengine. Ndiyo maana mimi husita kumsikia kijana wa mashairi kumi akisema "ninaandika diwani". Andika mashairi, mwanangu. Diwani acha ije yenyewe. Kenya wamelipanua neno zaidi, walimu wao husema hata "diwani ya hadithi fupi" ya waandishi mbalimbali. Mimi sikuzoea, lakini sitamkata mtoto alama kwa hilo.

Kwa Tanga jina la kwanza hapa ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, ambaye maandishi yake yalichapwa katika mfululizo ulioitwa Diwani ya Shaaban. Kabla hajawa Shaaban Robert tunayemjua alikuwa karani wa forodha hapo Pangani kwa miaka mingi. Mfaransa angesema amefanya kazi kwenye douane. Mchana diwani ya ushuru, usiku diwani ya beti, daftari mbili mezani kwa mtu mmoja.

Yuko mwingine aliyezikusanya maana hizi kwa namna nyingine: Sheikh Kaluta Amri Abedi. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, kina sehemu ya pili inayoitwa Diwani ya Amri. Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, akikalia kiti cha mbele katika baraza la madiwani wa mji. Mwambie mwanao amtaje huyo kwa mwalimu wake: mtu mwenye diwani aliyewaongoza madiwani.

Na sentensi hiyo haikumchanganya mtu, sivyo? Hapo utaona kazi ya ngeli. Diwani mtu yumo katika ngeli ya viumbe: diwani huyu, madiwani hawa, diwani wa kata. Diwani kitabu kimo katika ngeli ya vitu: diwani hii, diwani hizi, diwani ya mashairi. Cheo kina udiwani. Kitabu hakina udiwani. Wingi wa mtu huchukua ma-, wa kitabu haubadiliki, na anayesema "madiwani ya mashairi" mimi humrudisha. Lugha nyingine zingehitaji maneno mawili. Sisi herufi moja inatosha. Nilipokuwa nikifundisha niliwahi kusahihisha karatasi iliyoandikwa "Diwani wa Shaaban ni maarufu sana". Nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kutazama. Kijana alikuwa ameifanya Shaaban kuwa kata, na kata hiyo ina diwani maarufu. Nilimkata alama moja, lakini herufi ile ilinifundishia somo zima la kesho yake.

Jambo jingine nililiona mwenyewe darasani. Mwaka 1972 serikali ilizifuta halmashauri za wilaya na miji, ikaleta mpango wa Madaraka Mikoani. Madiwani wakaondoka pamoja nazo. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Kisha zikaja sheria za 1982, Namba 7 ya wilaya na Namba 8 ya miji, na halmashauri zikaanza kazi tena kwa ukamilifu mwaka 1984. Kwa muda huo wa katikati wanafunzi wangu walijua diwani moja tu, ya mashairi. Madiwani waliporudi, wapo watoto waliodhani serikali imeazima neno la fasihi. Leo mambo yamegeuka, mtoto humjua diwani wa kata kwanza, kisha hushangaa kumkuta kwenye kitabu. Na Kenya nao walilistaafisha jina hilo mwaka 2013 kaunti zilipoanza, sasa mtu huyo ni mwakilishi wa wadi. Mtoto wa Vanga na mtoto wa Tanga, mwendo wa saa chache, wanalipokea neno moja kwa maana mbili tofauti.

Huyu diwani wetu wa sasa, kwa kazi zake, hayuko mbali na daftari la kale kama unavyodhani. Huchaguliwa kwa miaka mitano, siku moja na Rais na mbunge. Katani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mtendaji wa kata, ambaye ameajiriwa wala hakuchaguliwa, ndiye katibu. Akienda kwenye Baraza la Madiwani huko Jijini, anachokutana nacho ni bajeti, taarifa ya mapato, muhtasari wa kikao kilichopita, hesabu za ushuru wa soko. Watu mtaani humpima kwa misiba aliyohudhuria, yaani kwa kipimo cha babu yako. Nguvu zake halisi ziko kwenye karatasi, yaani kwa kipimo cha Umar. Diwani asiyesoma makabrasha ya kikao atapigiwa siwa msibani na kupigwa chenga barazani. Na ili apatikane, wewe sharti uwe umeandikwa kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Makarani wa Kisra wangefufuka wakaambiwa wataje kwa neno lao kitu hicho, nadhani wangesema: hiyo ndiyo diwani yenyewe.

Turudi kwenye kadi ya khitma. "Mheshimiwa" ni lebo ya bunge na halmashauri zetu za leo. Ukimbandika nayo mtu wa zama za Barghash umemvika suti juu ya kanzu. Atakayeisoma kadi atauliza alikuwa diwani wa chama gani. Andikeni "Diwani wa Mtang'ata", jina lake, na la baba yake, basi. Ami zako wakiona haijatosha, waongeze miji aliyokuwa na kauli ndani yake, kama ukoo una uhakika nayo.

Umeniambia pia mwishoni mwa barua yako kuwa kwenye sanduku la bibi kuna waraka wa herufi za Kiarabu wenye muhuri, umekunjwa mara nne, na ami mmoja anataka kuupeleka ukalaminetiwe ili usiharibike. Mzuie leo hii. Joto la mashine ile huweza kuunguza karatasi kuukuu, na plastiki ikishashika haitoki tena. Usiukunjue kwa nguvu. Uweke mahali pakavu, mbali na jua na mende, ndani ya bahasha safi. Upigeni picha pande zote mbili mchana, bila taa ya kamera, kisha mtafuteni mtu anayesoma mwandiko wa zamani. Huenda ni barua ya Unguja kwa diwani. Huenda pia ni hati ya minazi. Nitumie picha niione kabla kadi hazijachapwa.